Neno la Uvumilivu Naliondoa

Kaloleni, Voi.
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa mdogo wangu Nzioka,

Pokea salamu zangu kutoka huku Voi, ambako jua huanza kazi saa moja asubuhi wala halijui Jumapili. Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri, umeegemea mto, kwa maana najua kulala chali kumekuwa kazi ngumu kwako. Umeamkaje? Mbavu za kulia zinasemaje leo? Kikohozi je? Na joto la Lodwar mnalihimili? Shemeji Nthenya hajambo? Vijana wetu, Ngui na Sylus, wanasoma au wanatusomea magazeti ya mpira tu?

Sisi hatujambo kwa kadiri ya hali yetu. Shemeji yako Wanza yuko imara kama kawaida. Mjukuu wetu Mwelu ametimiza miaka minne na anajua kuhesabu hadi ishirini, ila kumi na saba huiruka, nami sijamsahihisha kwa sababu napenda kumsikia akiiruka. Kule Rukanga ndovu waliingia shamba la mama wiki ya kwanza ya Januari wakala mbaazi zote za upande wa barabara. Mengine ni salama.

Naandika kwa kuwa simu imenishinda. Pumzi yangu hukatika kabla sentensi haijafika mwisho, na wewe unangoja hapo hapo inapokatika uingize mzaha wako. Juzi uliniambia, "Kaka, unaongea kama redio ya betri kuukuu," nikacheka, nikakohoa, muda wa maongezi ukaisha kabla sijafika nilikokuwa nakwenda. Barua huwezi kuikatiza. Tena lililo humu si jambo la simu, kama utakavyoona.

Nthenya alinipigia Alhamisi. Usimgombeze, tafadhali. Aliniambia zahanati inayokupa dawa ya TB ilikuandikia rufaa tangu Januari uende hospitali kubwa, uonwe na daktari bingwa tarehe ishirini na nne mwezi huu, kwa sababu miezi mitano ya dawa haijakausha maji ya kifua chako. Akasema umeikunja rufaa hiyo ukaitia ndani ya Biblia. Kila akikukumbusha, unamjibu, "Kaka mkubwa alishasema mbele ya watu. Namaliza dozi hapa nilipoanzia. Unataka nimvunjie neno?"

Neno hilo ni langu kweli. Nililisema Oktoba kule Rukanga, siku tuliyokutana kugawana shamba la mama. Ulikuja umeshika ubavu, unatembea kama mtu aliyebeba yai kwapani. Nthenya akasimama mbele ya ukoo wote akasema ni heri ubaki upelekwe Mombasa ukapimwe upya. Mimi nikainuka. Nilikuwa nimemaliza dawa yangu ya TB Agosti, nikajiona mtaalamu. Nikasema, "Mgonjwa wa TB hahamihami. Nzioka atarudi alikoanzia dawa, atamaliza, na atavumilia. Mimi nilivumilia." Wazee wakaitikia. Nthenya akaketi. Sijasahau jinsi alivyoketi.

Sasa nivumilie nikueleze kwa utaratibu, maana unanijua, bila kueleza siwezi kupumzika.

Mwaka jana Januari nilishikwa na kichomi upande wa kushoto. Nikivuta hewa, ni kama mtu ananichoma kwa msumari. Homa za jioni, kukonda, kikohozi kikavu. Picha ikaonyesha maji kati ya pafu na mbavu. Makohozi yalipimwa mara mbili, vidudu vya TB havikuonekana. Lakini katika nchi yetu mwanamume mwenye kikohozi, homa na maji kifuani huanzishiwa dawa za TB, na walionianzishia hawakukosa. Wengi huokolewa hivyo, hata wale ambao vidudu vyao havionekani. Nami niliyefundisha sayansi miaka thelathini na mbili sikungoja kuambiwa la kufanya. Nilihamia chumba cha nyuma, kile tulichokuwa tunawekea magunia ya mahindi. Nikatenga kikombe changu, sahani yangu, taulo yangu. Nikachora mstari wa chaki kizingitini nikamwambia Mwelu, "Babu yuko upande huu, wewe upande huo." Mtoto akaelewa upesi kuliko nilivyotaka.

Miezi sita nilikaa ndani ya chumba hicho. Wanza aliweka chakula mlangoni akarudi nyuma hatua mbili, kama nilivyomwagiza. Agosti nikapigwa picha nyingine. Maji yameisha, mapafu safi. "Umepona, Mwalimu," wakasema, nami nikawashukuru nikarudi nyumbani kwa miguu. Kutoka stendi hadi hapa Kaloleni nilipumzika mara tano. Nilijiambia ni uzee. Nilipoinama kufunga viatu, hewa iliisha. Nikilala chali, ni kama mtu ameniketia tumboni. Usiku nililala nimeketi, mgongo ukutani. Na bado, mdogo wangu, Oktoba nikaja Rukanga nikakuambia uvumilie kama mimi. Nilisimama kusema maneno yale nikiwa nimeshikilia kiti, ukikumbuka. Watu walidhani ni heshima ya uzee.

Desemba nilizidiwa. Wanza hakuniuliza; alimwita jirani yetu Mwandawiro, wakanipeleka hospitali nyingine, na huko nikakutana na daktari mwanamke kijana, Daktari Safaa, mtu wa pwani, mwenye sauti ndogo na subira kubwa kuliko yangu. Aliniuliza habari zangu nikampa zote kwa mpangilio: kichomi, homa, maji, dawa, picha safi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuandika neno. Kisha akasema, "Mwalimu, umenipa insha nzuri sana, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Sasa hebu nipe karatasi za rafu."

"Rafu ipi?" nikauliza.

"Yale uliyoyafuta. Uliyoyaona hayaingii kwenye hadithi."

Nzioka, niliona haya kama mwanafunzi aliyeshikwa. Kwa maana yalikuwepo. Mwaka mzima kabla ya kichomi, vidole vyangu vilikuwa vikikakamaa asubuhi hata sifungi vifungo vya shati. Nilipopanda Wusi kwa mazishi ya mwalimu mwenzangu, kwenye ile baridi ya mlimani, vidole vitatu viligeuka vyeupe kama chaki, kisha bluu. Vidonda vya mdomoni vilikuja na kuondoka. Nywele za kando zilidondoka. Jua lilinichoma uso kama mtu aliyeungua mvuke. Sikumwambia daktari yeyote hata moja. Vidole niliona ni uzee, nywele ni uzee, vidonda ni chumvi ya mbuzi wa kuchoma. Na tuseme ukweli, mwanamume wa miaka sitini na mmoja atampelekea daktari habari za nywele na midomo? Nilimletea kifua tu, kwa sababu kifua ni ugonjwa wa kiume.

Hapo ndipo nilipojikosesha. Wale walionitibu kwanza waliitibu hadithi niliyowapa, na hadithi hiyo nilikuwa nimeipiga pasi mimi mwenyewe.

Safaa akachukua damu, akapima mkojo, akanipa mrija nipulize kwa nguvu zangu zote ndani ya mashine. Mashine ikasema navuta hewa chini ya nusu ya mtu wa kimo changu. Akaitundika picha ya kifua mbele ya mwanga akanionyesha. Mapafu safi, ndiyo, lakini madogo. Ule msuli mpana unaolala chini ya mapafu kama ngozi ya ngoma, ule unaoshuka tukivuta hewa, ulikuwa umepanda juu mahali pasipo pake, kama mzee aliyevuta suruali hadi kifuani. Niliwafundisha watoto jambo hili kwa chupa iliyokatwa kitako, puto ndani yake, na kipande cha mpira kilichofungwa chini. Ukivuta mpira, puto linajaa. Mpira ukikataa kushuka, puto zima kabisa lisilo na tundu halijai. Nimelirudia jaribio hilo labda mara sitini darasani. Likatokea ndani ya mbavu zangu nisilitambue.

Ugonjwa unaitwa lupus. Tukisikia jina hilo tunafikiria wanawake, na si bure. Katika watu kumi walio nao, tisa ni wanawake. Kwa hiyo mwanamume anapoupata hakuna anayemtazamia, naye mwenyewe hajitazamii. Safaa aliniambia kwamba kwa wanaume, na kwa walioshikwa uzeeni, wakati mwingine hauji na alama za uso zinazojulikana. Unaingilia kifuani: maji yanayozunguka pafu, kichomi, au mapafu kusinyaa hivi kama yangu, jambo ambalo ni nadra hata kwa wanawake.

Unafanyaje kazi? Kumbuka tulivyokuwa tukilinda shamba Rukanga, wewe na debe lako, mimi na tochi. Kinga ya mwili ni walinzi wale. Sasa wafikirie walinzi waliosikia ndovu ambaye hayupo, wakatoka wote na marungu, wakakanyaga mahindi ya mwenye shamba hadi kunakucha. Asubuhi ukitafuta nyayo za ndovu huzioni. Ndiyo maana makohozi yangu hayakuwa na kidudu.

Nilipewa vidonge vya kuwatuliza walinzi hao, na vingine vya jamii ya dawa ya malaria. Nimepata nafuu, ila si yote. Naweza kusoma ukurasa kwa sauti nikipumzika njiani. Uso umevimba kwa dawa. Wanza ananiita Bwana Harusi. Siwezi kuviacha ghafla, wala siwezi kukaa karibu na wenye homa, wala kusafiri mbali. Na jua nimekatazwa. Fikiria, Nzioka, mtu wa Voi amekatazwa jua! Mapazia yamefungwa tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Nasikia watu wakipita njiani wakisalimiana, nawatambua kwa sauti, siwezi kutoka kuwaamkia. Nilitoka kifungo cha TB nikaingia hiki, na chumba ni kile kile, kwa sababu ndicho chenye dirisha dogo kuliko yote.

Safaa alisema ugonjwa wangu hauambukizi mtu. Siku hiyo hiyo nilirudi nikafuta mstari wa chaki kwa kitambaa chenye maji. Mwelu alikuja jioni, akasimama pale pale ulipokuwa. Nikamwambia, "Njoo." Akasema, "Babu, mimi ni upande huu." Mpaka leo anasimama hapo. Nilifundisha vizuri mno.

Sasa nirudi kwako. Sisemi una lupus. Mimi si daktari, na Safaa mwenyewe alinionya kwamba ndugu wawili kuupata hutokea lakini si kawaida. Huenda ni TB kweli, na imekaidi dawa, nayo ina tiba yake. Huenda ni jambo la tatu ambalo hatulijui. Lakini Nthenya ameniambia kwamba asubuhi ni yeye anayekufunga vifungo, nawe unadai spana za pampu za visima zimekuchosha mikono. Ameniambia huli pilipili tena kwa sababu ya mdomo, wewe uliyekuwa unakula pilipili kama njugu. Niliposikia vifungo, nilimwomba arudie.

Kwa hiyo nakuomba: dawa za TB unazomeza usiziache hata siku moja kwa sababu ya barua hii. Madaktari wa hospitali kubwa ndio watakaosema ziendelee au zibadilishwe. Dawa kama zangu, mtu mwenye TB akipewa kabla hajachunguzwa sawasawa, TB huamka kwa hasira. Naona njia zote mbili zina miba, na mimi niko hapa nyuma ya pazia, siwezi kupanda basi nikakushika mkono nikakupeleka. Umbali huu unaniuma kuliko kifua.

Ukifika kwa daktari, usimpe insha. Mwambie kifua, kisha mwambie vidole, mdomo, nywele, ngozi, miguu ikivimba, mkojo ukitoa povu. Mwambie kaka yako, mwana wa mama mmoja, amekutwa na lupus ya mapafu baada ya kutibiwa TB. Yeye ndiye atakayechagua linaloingia na lisiloingia. Mwache Nthenya aingie nawe chumbani, kwa maana wewe utasema "niko sawa" kabla hujaulizwa. Mwache aseme. Oktoba nilimketisha nikiwa nimekosa, na naomba amwambie daktari yote aliyotaka kutuambia siku ile.

Najua utasema neno ni neno. Unamkumbuka baba alivyokataza shamba la chini lisilimwe? Tulikaa misimu mitatu njaa ikituchungulia, magugu yakatupita kimo, na hakuna aliyethubutu kushika jembe mpaka yeye mwenyewe alipowaita majirani, akasimama kwenye mpaka akaliondoa neno lake kwa mdomo wake. Nyumbani kwetu neno la mkubwa lililosemwa mbele ya watu huondolewa na yeye mwenyewe, mbele ya watu. Wewe ndiye uliyelishika sana kuliko sisi sote, na mimi nilikusifu kwa hilo, bila kujua litakuja kukufungia njia.

Basi sikiliza. Leo saa kumi na mbili, jua likishatua, Mwandawiro atakuja hapa sebuleni. Nitaketi naye na Wanza, na nitawasomea barua hii.

Mimi Mwangangi, mzaliwa wa kwanza wa mama yetu, nilisema Rukanga mbele ya ukoo kwamba Nzioka asihamishwe na avumilie. Nilisema bila kujua, nikiwa mgonjwa wa jambo lile lile nililojidai nimelishinda. Neno hilo naliondoa. Halikufungi tena. Nzioka ana ruhusa yangu kwenda popote daktari atakapomtuma, na mtu yeyote wa ukoo akimuuliza, amwonyeshe karatasi hii.

Itoe rufaa kwenye Biblia. Tarehe ishirini na nne ni Jumatatu. Barua hii anakuletea Mbuvi, dereva wa lori, anayeondoka kesho kutwa kwa mzigo wa Lodwar. Nimemwomba amkabidhi Nthenya mkononi, akusomee mbele ya mtu mmoja wa hapo mnayemheshimu. Usitafute karatasi ya kunijibu kwanza. Nenda hospitali, ndipo uniandikie.

Nisalimie Nthenya sana, na umwambie nimemwomba radhi kwa maandishi. Wasalimie Ngui na Sylus. Waambie Baba Mkubwa anataka kuona ripoti zao hata kama hazionekani vizuri. Wanza anakusalimu, na Mwelu pia, kutoka upande wake.

Mungu aliyetupa pumzi ya kwanza atulindie hizi zilizobaki, na akufikishe salama tarehe hiyo.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu siku mama alipokuweka mikononi mwangu,

Mwangangi

*

Shemeji, nimesikia yote. Nenda. – Wanza

Mimi Mwandawiro, jirani wa Mwalimu, nimeshuhudia. Ameisoma yote kwa sauti, tangu salamu hadi hapa. Tulimwambia inatosha kusoma lile neno la kuondoa tu, akakataa, akasema barua ya nusu si barua. Alipumzika mara kumi na tisa.